Bibi Kabula Alipopumzishwa Pamba

Harufu ya pamba iliyoanikwa juani wengi siku hizi hawaijui. Ni vumbi na majani makavu, na kwa mbali mafuta ya mbegu. Kwetu, upande wa Misungwi unaotazama ziwa, msimu wa mavuno harufu hiyo iliingia mpaka kwenye shuka. Nilikuwa na miaka minane au tisa, sijui vizuri, maana nilisoma mpaka darasa la pili tu na umri wetu tuliuhesabu kwa mvua. Lakini majina sijasahau hata moja. Bibi mzaa baba aliitwa Kabula, na kazi yake ilikuwa kuchambua pamba barazani, karibu na njia: nyeupe kapu hili, fifi, ile yenye madoa na uchafu, kapu lile. Mikono ikichambua, mdomo unataja watu. Kila mpita njia alisalimiwa, akaulizwa ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani, mpaka babu wa babu. Ukikosea mmoja, Bibi anacheka: "Wewe umeokotwa ziwani nini? Rudi kwenu ukaulize!"

Msimu huo macho yake yalipungua, fifi ikaingia kwenye nyeupe, na baba akarudishiwa mzigo mzima kule kituoni walikonunua pamba yetu. Baba yangu, Masanja, hakuwa mtu mbaya. Alichuchumaa mbele ya mama yake, akasema, "Mama, umetulea vya kutosha. Sasa kaa tu, ule."

"Nikae nifanye nini?"

"Upumzike, mama."

"Kupumzika nitapumzika nikizikwa, Masanja. Nipe kapu langu."

Hakupewa. Majirani walimsifu baba kwa heshima ile. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; sisi tulimfanya mwenye mji kuwa mgeni wa siku zote. Kiti chake kikahamishiwa nyuma ya nyumba, kivulini, wapita njia wasimsumbue.

Mimi ndiye niliyeambiwa nikae naye. Siku za mwanzo nilikaa. Aliniuliza majina, nikajibu. Akauliza yale yale, nikachoka. Nikisikia wenzangu wanapiga kelele majini, natoroka. Mama akirudi kutoka shambani akiuliza, "Bibi vipi?" najibu, "Amelala." Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa, vidole vikipekuapekua upindo wa kanga, hana wa kumsalimia. Pamba ilipokwisha, tukiwa tunang'oa miti yake tuichome, nilimpelekea uji asubuhi. Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu wa mji mwingine, akanisalimia Kisukuma. "Mwangaluka, binti. Wewe mtoto wa nani?"

Nikacheka, nikidhani ni mchezo wetu. "Milembe, wa Masanja."

"Masanja yupi?"

"Masanja wa Kabula."

Akafikiri sana. "Huyo simjui," akasema, akapokea uji.

Sasa mimi ndiye bibi, naishi mjini, Buzuruga, kwa mwanangu. Pale kliniki muuguzi alituambia sisi wazee: tembeeni, pimeni presha, kuleni mboga na samaki, laleni vya kutosha, kichwa kipeni kazi, wala msikae peke yenu. Sijui kama pamba ingemwokoa Bibi. Uzee una magonjwa yake, na muuguzi mwenyewe alisema hakuna dawa ya uhakika. Ila najua nilikuwa wapi wakati anakaa peke yake. Hapa nyumbani maji yanatoka bombani, asubuhi wote wanakwenda kazini, geti linafungwa. Ninaotaja majina yao wamekwisha kufa, naongea na ukuta. Mkwe wangu, Mama Neema, ana moyo mzuri: "Bibi, acha, nitafanya mimi." Nimegombana naye mpaka akaniachia ungo wa mchele, niuchambue mawe. Nikawaambia wote, mkikuta jiwe, nigombezeni. Juzi Jumapili mchana tunakula, mwanangu aliuma jiwe. Nilisikia. Akalitoa taratibu, akalisukuma chini ya ukingo wa sahani.

"Nini hiyo, baba?" nikamuuliza.

Akanitabasamia. "Hamna kitu, mama. Chakula kitamu."