Usingizi wa Asteria

Kwa miaka sita Asteria ameendesha lori kubwa la mawe mgodini Geita, zamu ya usiku, na hajawahi kukwaruza hata tuta la pembeni. Wenzake wakiisifu mikono yake, yeye huzisifu saa zake sita za kulala mchana: pazia zito dirishani, simu imezimwa, nyumba kimya kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane.

Kisha mama mkwe wake akaja kutoka Ushirombo kukaa mwezi mmoja, na michembe ya viazi vilivyokaushwa na kuku wawili. Mama mkwe huyo, Mama Kalisti, ni mtu wa jembe. Kwao, anayekutwa kitandani jua likiwa juu ni mgonjwa au ametoka kujifungua. Siku ya kwanza alimpelekea mkwewe uji chumbani. Ya pili alimwita jirani aje kumgusa paji la uso. Ya tatu, Asteria alizinduliwa na rozari: wanajumuiya saba wa kanisani wamejaa sebuleni wakimwombea, na mmoja akinong'ona kuuliza kama kuna mtoto njiani. Akajifunga kitenge, akawashukuru, akawachemshia chai. Usingizi haukurudi.

Usiku ule, kwenye mteremko wa kuingia shimoni, kope zilimwangukia mara mbili. Akaegesha, akaomba kwa redio aletewe mtu wa kumpokea. Msimamizi alimwambia amefanya vyema kusema, lakini ikijirudia atahamishiwa stoo. Asteria akarudi nyumbani akikiwaza kiti cha lori lake. Kiti kile alikipata akiwa mwanamke pekee kati ya waombaji arobaini.

Hakumlaumu mama mkwe. Alimwamkia, akaketi naye jikoni, akamweleza kwamba gurudumu la lori lake linaupita urefu wa mlango wa nyumba hii, na kwamba mbele na nyuma yake, usiku kucha, wanapita watoto wa watu.

"Sasa ukisinzia?"

"Nisipolala hapa mchana, mama, nitalala kule."

Mama Kalisti aliendelea kuchambua karanga zake. Asteria akaenda kujilaza, hajui ameeleweka au la.

Saa nne akasikia hodi. Alikuwa Mama Nasibu wa jumuiya. Mama mkwe alikuwa ameweka kigoda chake katikati ya mlango na kukikalia.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hapa hakuna mgonjwa. Mke wa mwanangu yuko kazini."

"Kazini? Si hivi hapa viatu vyake?"

"Ndiyo. Amelala. Lori lenye gurudumu refu kuliko mlango huu, mwenzangu, unadhani linaendeshwa na mtu wa kusinziasinzia? Punguza sauti, au urudi saa nane."

Lile "mke wa mwanangu" alilitamka kwa majivuno ya mama aliyezaa padri. Ndani, Asteria alibanwa na kicheko. Akakimeza, maana kingemharibia usingizi. Akageukia ukutani. Nyayo za Mama Nasibu zilikuwa hazijafika barabarani, naye tayari amelala.