Santuri Nyuma ya Kioo

Bendi yetu ilikuwa na watu watano. Leo tumebaki wawili, mimi na yule aliyeniharibia. Wengine walimalizwa na pombe na magonjwa. Mimi shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo sijui kuzunguka: aliyenifunga vidole ni kiongozi wetu, mpigaji wa gita la solo.

Mimi nilipiga besi. Wikendi tulipiga rumba kwenye mabaa ya Ngong Road, na mazoezi tulifanyia sebuleni kwake, Woodley. Nilikuwa na tabia moja: badala ya kubaki chini na ngoma, vidole vyangu vilipenda kupanda kwenye noti za juu kumjibu mwimbaji. Kiongozi alikuwa anasimamisha wimbo mzima.

“Wewe, besi ni nguzo. Umeona wapi nguzo inacheza?”

“Bosi, mwache, leo nguzo imelewa!” wenzangu wakacheka.

“Dunia nzima hakuna mtu anapiga besi hivyo. Ukimjua hata mmoja, niletee,” akasema kiongozi.

Sikumjua hata mmoja. Nikashuka, nikakaa huko chini mpaka bendi ikafa. Baadaye niliokoka, nikaanza kupiga kanisani Uthiru, na huko pia nilibaki chini. Mkono ukishafunzwa woga, haujui kama wewe umeokoka.

Miaka michache baada ya serikali kubadilika, nilipeleka amplifaya ya kanisa kwa fundi River Road. Alipomaliza akaiunganisha na mashine yake ya santuri ili aijaribu. Ikatoka rock ya wazungu, ya zamani. Pasta wetu aliita hiyo muziki wa shetani, nami sikuwahi kubisha, kwa sababu sikuwahi kuisikiliza. Nilikuwa natafuta mahali pa kukaa.

Halafu besi ikapanda. Mwimbaji alisema neno lake, besi ikamjibu, ikazunguka huko juu, ikarudi nyumbani kabla ngoma haijajua kwamba ilitoka. Nilisahau kukaa.

“Huyu wa besi ni nani?”

“Sijui, mzee. Hii ni kitu ya kitambo, wewe ulikuwa bado na nywele.”

Akanipa ganda la santuri nijionee. Juu yake palikuwa na picha: mlango mwekundu umesimama peke yake katikati ya shamba. Nikaujua mlango huo.

Sebuleni kwa kiongozi kulikuwa na kabati la vioo, lile la vitu visivyoguswa: vikombe vya harusi, sahani za wageni wasiokuja, vitambaa alivyofuma mke wake. Katikati, juu ya kitambaa cheupe, ilisimamishwa santuri hiyo. Miaka yote ile nilifanya mazoezi nikitazama mlango mwekundu. Kabati la watu hulifungui, hata kama umekula kwao mara mia.

Siku hiyo hiyo nilienda Woodley. Kiongozi alikuwa kwenye kiti, mkono wa kushoto umekufa ganzi tangu alipougua.

“Karibu, nguzo,” akasema.

“Ile santuri uliwahi kuisikiliza?”

“Hiyo? Hiyo ni ya kupamba tu. Mke wangu alipenda rangi.”

Nikafungua kabati. Mke wake alishika mdomo kama aliyeona mtu akivua nguo. Niliitoa santuri ndani ya ganda lake, nikaielekeza dirishani. Santuri ya kupamba hung'aa. Hii ilikuwa imekwaruzwa kila mahali, na upande mmoja ulikuwa umechoka kwa sindano hadi kuwa kijivu.

Kiongozi alikuwa anautazama mkono wake.

“Kama ningekuacha upige hivyo,” akasema, “nani angesikiliza gita langu?”

Waliookoka husema wamesamehe. Mimi sijasema. Niliirudisha santuri juu ya kitambaa chake, nikatoka bila kufunga kabati.

Jumapili akina mama walianza pambio, na kwenye ubeti wa pili nikapanda. Vidole vilikuwa vizito, nikakosea mahali pawili, mama mmoja akageuka kunitazama. Mwalimu wa kwaya alikunja uso, akanionyesha sakafu kwa kidole: shuka.

Kidole nilikiona. Nao akina mama walikuwa bado na ubeti mmoja, kwa hivyo nikapanda tena.