Kizibao cha Rangi ya Machungwa Wakati wa Matanga

Enzi za Zaire, muuguzi Germain alikwenda kazini Kalemie kwa pikipiki, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa ili madereva wa malori wamwone. Mkewe alipofariki, desturi ilimtaka avae nyeusi tupu. Alitii, akakiacha kizibao nyumbani, lakini barabarani hakutulia. Kila mara aligeuka nyuma. Siku moja, katika vumbi la kiangazi, lori lilimsukumia mtaroni. Kesho yake alivaa kizibao juu ya nguo nyeusi.

“Papa Germain, umeshapata bibi mupya?” mashemeji walimcheka.

“Watoto wa dada yenu wamebaki na mimi tu,” alijibu, akiwasha pikipiki.

Walimsusia. Lakini marehemu angetaka heshima gani kubwa kuliko baba wa wanawe kufika nyumbani salama?