Mbwa Aliyelamba Chumvi ya Maksai

Yote yalianza mbwa wangu alipoanza kulamba chumvi ya watu. Jirani yangu hapa mtaa wa Izia, Sumbawanga, mzee wa Kifipa wa rika langu, ana maksai wawili wa kulimia. Kila asubuhi huwamwagia chumvi ya mawe juu ya jiwe bapa nyuma ya zizi. Mbwa akawa anapenya ua na kulamba katikati ya zile pua kubwa bila woga. Mimi nilicheka. Jirani hakucheka.

"Mzee mwenzangu, mbwa wako naye sasa ni ng'ombe," aliniambia. "Mfunge. Maksai wangu hawalambi kwa raha."

Nikamfunga. Sikutaka kugombana na mtu pekee anayenijulia hali asubuhi. Nilikuja Sumbawanga kutoka Mbeya kwa kazi ya serikali, nikastaafu, nikabaki. Mke wangu amefariki, watoto wako Dar na hupiga simu Jumapili. Siku nyingine zote nyumba hii ina sauti mbili tu: upepo unaopekua mabati, na kucha za mbwa sakafuni. Watu huniuliza kwa nini sirudi kwetu, nami huwajibu ovyo ili waache kuuliza.

Tena jikoni kwangu chumvi haiingii. Nina presha, hospitali walinikataza. Sikuona sababu ya kuinjika sufuria mbili, kwa hiyo mbwa naye alikula ugali na maharage yangu yaliyopooza.

Baada ya kufungwa akadhoofika. Aliacha kula, akatapika, miguu ya nyuma ikawa inatetemeka. Asubuhi moja nilimwita, akapiga mkia chini mara moja, akashindwa kusimama. Nikakaa naye pale kwenye saruji baridi nikalia. Msibani kwa mke wangu nilijizuia kwa sababu ya watu. Safari hii hapakuwa na mtu wa kujizuia mbele yake.

Nilikodi bajaji hadi Majengo kwa daktari wa mifugo, binti mdogo ambaye muda mwingi huwa kijijini Mollo kwenye ng'ombe na nguruwe wa wakulima. Aliniamkia, kisha akamsikiliza mbwa moyo kwa muda mrefu.

"Mzee, moyo unapiga polepole mno," alisema. "Mbwa aliyekaukiwa maji namna hii, moyo ulitakiwa ukimbie."

Akamlaza pale, akamtundikia dripu ya maji ya chumvi, na damu ikapelekwa Mbeya kwa basi kupimwa. Majibu yaliporudi kwa ujumbe wa simu, la kwanza lilikuwa kwamba figo zimeshindwa kutoa uchafu. Mwenye duka la dawa hapo mlangoni akanishauri nisimtese mnyama, achomwe sindano alale moja kwa moja. Nilimjibu vibaya, na radhi sijamwomba.

Daktari yeye aliendelea kusoma. Sodiamu ilikuwa imeshuka sana, potasiamu imepanda.

"Figo zenyewe hazijafa, mzee," alisema. "Juu ya kila figo kuna kitezi kidogo. Hicho ndicho kinachoiamuru figo ishike chumvi na itoe potasiamu. Vya huyu vimechoka. Chumvi inaondoka na mkojo, maji yanaifuata, damu inapungua hadi figo zinakosa ya kuchuja. Potasiamu nayo inabaki, inaukaba moyo."

"Kwa hiyo kule kwa maksai alikuwa anatafuta dawa?"

"Ndiyo, mzee. Alikuwa anajihangaikia mwenyewe."

Nikawaza jinsi jirani alivyolinda jiwe lake, hospitali ikanilinda mimi, nami nikaulinda ujirani. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na mnyama akakosa pa kulamba.

Kesho yake nilimkuta amesimama. Alijikung'uta nusura ang'oe mpira wa dripu, nikacheka kwa sauti hadi mwenye duka akachungulia.

Daktari akanipa vidonge. "Hivi ni vya maisha. Na chumvi kidogo kwenye chakula chake, siyo chako. Asikose dawa, mzee. Akikosa ataanguka tena, na huenda asiinuke. Ukisafiri nani atampa?"

"Huwa sisafiri."

"Ukilazwa je?"

Nilifungua mdomo nitaje mtu. Jirani hataki hata kumwona. Watoto wangesema watakuja, na wangekuja baada ya wiki.

"Nitajitahidi nisiugue," nikamwambia. Alidhani namtania, akacheka kwa adabu.

Nilikwenda pale nikiogopa kwamba mbwa atakufa aniache. Kwenye bajaji ya kurudi, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, nilikuwa naogopa kwamba nitatangulia mimi.