Uso Niliokuwa Nikimwekea Dada

Habari za sauna nilizisikia kwanza kwa dada yangu. Anafanya kazi Ghuba, katika jengo la urembo la wanawake, na sehemu yake ni kusafisha kijumba cha mbao ambamo wateja huketi karibu na mawe ya moto mpaka jasho liwachuruzike. Wakizidiwa hutoka mbio na kujitosa kwenye birika la maji ya barafu, kisha hurudi tena kwenye joto. Alinisimulia akicheka. Alisema watu wanalipa wapikwe, halafu wanalipa wagandishwe, na wakitoka hapo ngozi inang'aa kama biringanya. Yeye huingia humo kukishapoa, akiwa na ndoo na kitambaa, kufuta jasho lao kwenye mbao.

Kwake ulikuwa mzaha. Mimi niliusikia kama maagizo ya daktari.

Chunusi zangu zilianza baada ya yeye kuondoka. Zilitokea mashavuni, zikashuka kidevuni, na kila moja ilipokauka iliacha doa. Labda ningezivumilia kama ningekuwa na kazi nyingine. Lakini mimi hurekebisha picha katika studio ndogo ya Makadara, upande wa mahakamani. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa simu, usiku baada ya usiku, mpaka nikaweza kumfutia bibi harusi kipele cha puani bila mtu kujua kilikuwepo. Siku nzima naona nyuso za watu kwa ukubwa wa sinia. Nikirudi nyumbani na kujitazama kwenye kioo, mkono wangu unatafuta kile kibrashi cha kompyuta cha kulainishia ngozi na haukipati.

Kwa hiyo dada nilimtumia picha tu, na kila picha niliipitisha kwanza kwenye kompyuta. Akipiga simu ya video nilizima kamera na kusingizia mtandao. Mara moja aliniambia picha zangu zinamtisha, eti sina hata kinyweleo, kama sahani. Nilicheka, nikabadilisha mada. Alikuwa amesema atakuja likizo Desemba, nami nilikuwa nimejiahidi kwamba nikienda kumpokea uwanja wa ndege atanikuta na uso ule ule aliouacha. Sikutaka aone kwamba nilipobaki peke yangu niliharibika.

Sauna hatuna mtaani kwetu Ziwani. Tuna bafu moja la safu nzima ya nyumba, lenye sakafu ya saruji na kidirisha kimoja cha juu. Nilinunua blanketi zito la sufu katika soko la Gikomba. Alfajiri nilikuwa nachemsha sufuria kubwa, naitia majani ya mkaratusi, naibeba hadi bafuni na kujifunika nayo. Nikishindwa kupumua nilitoka na kujimwagia maji ya pipa yaliyolala nje. Nairobi mwezi wa Julai haihitaji barafu. Kisha nilirudi chini ya blanketi, nikatoka tena, nikarudi.

Asubuhi ya kwanza tu, gizani mle, harufu ya mkaratusi iliponiingia puani, nilikumbuka kwamba jambo hili halikutoka Ghuba. Mama alipofariki nilikuwa mdogo, na nikishikwa na mafua dada ndiye aliyenifukiza. Tuliingia wote wawili chini ya blanketi moja, sufuria ikiwa katikati ya miguu yetu, magoti yakigusana. Niliogopa giza, kwa hiyo alikuwa akiupuliza mvuke unipige usoni ili nikasirike na kusahau woga. Baadaye alinikokota hadi kwenye bomba la nje na kunimwagia maji baridi kichwani, nikipiga kelele, wanawake waliokuwa wakifua wakicheka. Sijui alijifunza wapi. Naye alikuwa mtoto tu.

Blanketi lile la Gikomba lilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Upande mmoja ulikuwa ukilegea kila mara na kuingiza baridi, nami niliubana chini ya paja, na bado ulilegea.

Mimi ni mtu wa kuzidisha. Madoa yalipokataa kuondoka niliongeza moto. Niliinamia sufuria mpaka machozi yakanitoka, nikakaa kwenye baridi mpaka meno yakagongana. Majirani walianza kuchoka. Mama mmoja anayeuza maharagwe getini, ambaye huoga mapema kabla ya kwenda kazini, alikuwa akisimama mlangoni na ndoo yake.

"Msichana, unaoga ama unajipika? Ukiiva utuite tulete sahani."

Waliokuwa nyuma yake walicheka. Nilimwomba msamaha kupitia mlango, na kesho yake nikafanya vilevile. Kufikia mwisho wa wiki mashavu yangu yalikuwa yamebabuka, ngozi ikitoka vipande vipande kama rangi ya ukuta wenye unyevu.

Ijumaa ndiyo siku ya dada ya kupumzika. Alipiga nikiwa bado bafuni, blanketi mabegani, simu nimeiegemeza kidirishani. Nilipokea bila kamera kama kawaida. Aliniuliza nimekula nini, kama bomba linatoa maji, kama kikohozi kiliisha. Kisha akaniuliza tena kama bomba linatoa maji, na nilijua kuna jambo, kwa sababu dada yangu harudii swali bure.

"Desemba siji," akasema. "Wameniongezea mkataba, nami nimekubali. Usinikasirikie."

Nilimwambia sijakasirika. Sikumbuki niliongeza nini. Nakumbuka nikitazama maji ya sufuria na kufikiria kwamba sasa nina muda mrefu sana wa kuurekebisha uso huu, na kwamba muda huo sikuutaka hata kidogo.

"Basi niwashie kamera," akasema. "Hata kama mtandao ni mbaya."

Niliiwasha.

Alinitazama. Nilianza kueleza, kwa haraka, kwamba ni mvuke tu, kwamba kuna hatua fulani nilikosea, kwamba wiki ijayo ngozi itakuwa imepona. Alinikatiza.

"Umejichoma."

"Kidogo."

"Geuka. Huku kwingine. Sogea kwenye mwanga."

Niligeuka. Ndivyo alivyokuwa akinikagua masikio zamani kabla ya kanisa. Nje ndoo iligonga mlango, na mama wa maharagwe akauliza kama leo ataoga ama ataenda hivyo hivyo. Dada hakusema lolote kuhusu chunusi wala madoa. Aliisogeza simu karibu naye mpaka nikaona midomo yake, na mistari kando ya macho ambayo picha zake hazikuwahi kunionyesha. Kisha akainua mkono. Niliona ncha za vidole vyake, zimepasuka kwa sabuni, zikija kunigusa mahali nilipokuwa kwenye kioo cha simu yake. Vikaifunika kamera, skrini ikawa nyeusi.

Mlango uligongwa tena. Nilibaki nimeinua shavu kwenye mwanga wa kidirisha, maji yakinitiririka shingoni, nikimsikia akipumua, na sikusogea.