Msindikize Aliyekukasirikia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kumbukumbu yangu haijaichoka. Nilikuwa luteni mpya, nimekuja likizo Tunduma, gwanda nimelipiga pasi mpaka lingeweza kusimama peke yake. Shangazi yangu, aliyenilea, aliuza vitenge karibu na mpaka, mkabala na foleni ya malori. Nusu ya wateja wake walitoka mbali, na nusu walijifanya wametoka mbali ili wapunguziwe.

Siku hiyo dereva mmoja wa lori alivutana naye bei ya kitenge mpaka akachoka. "Mama, dekio hili unaniuzia kwa bei ya suti?"

Nikamshika ukosi. "Toka hapa!"

Shangazi akaubandua mkono wangu taratibu. Akachukua mfuko wa dereva, akamsindikiza hadi barabarani wakiongea habari za mvua. Pale akakunja magoti kidogo, akapiga yale makofi yetu ya chinichini, ya heshima. "Safari njema, baba."

Aliporudi akaniuliza, "Afande, mteja anatolewa au anafukuzwa?"

"Si ni yale yale, shangazi?"

"Thubutu! Ukimfukuza, anaingia duka la jirani. Ukimsindikiza, umemwachia njia ya kurudi bila aibu. Gwanda ulipewa na serikali, adabu nilikupa mimi. Mbona umekuja na gwanda tu?"

Dereva alirudi chai yetu haijapoa. Akanunua dekio lile lile, kwa bei ile ile ya suti.

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na shangazi, nikaupunguzia ulimwengu kazi.

Miaka ikaenda. Nilistaafu jeshi nikiwa meja, nikachukuliwa kuwa mpambe wa Bunge, yule anayemtangulia Spika akiwa na siwa, lile rungu la heshima ya Bunge, begani, na anayemtoa ukumbini mbunge aliyeamriwa kutoka. Wenzangu wa kambini walinicheka: "Meja mzima unabebeshwa rungu!" Nikawajibu kwamba rungu hili, angalau, halijibiwi kwa risasi.

Nikiwa bado kwenye majaribio, Spika akamwamuru mbunge mmoja kijana atoke. Akagoma, kashikilia meza kwa mikono miwili. "Njoo unibebe, mjeda!" Ukumbi ukalipuka kwa vicheko.

Nikapima, kisha nikapima tena, maana ndivyo nilivyoumbwa. Kumnyanyua ningeweza. Lakini mtu aliyetumwa na watu wake abebwe kama gunia la mahindi, nao wanamwona kwenye runinga? Hapo asingerudi tena na uso wake. Nikisimama tu, amri ya Spika inageuka mzaha, na kazi yangu inaishia pale pale kwenye zulia.

Nikakunja magoti kidogo. Nikapiga makofi yale ya chinichini. "Mheshimiwa, naomba nikubebee mkoba. Wewe tangulia, mimi nakusindikiza."

Akanitazama. "Hutanishika?"

"Sikushiki."

"Hata bega?"

"Mheshimiwa, hiyo ndiyo bei yangu ya mwisho."

Kicheko kikamponyoka. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatoka kama mtu aliyekuwa na safari zake. Nyuma yake mimi, na mkoba, na habari za mvua.

Aliporuhusiwa kurudi alinitafuta, akanisalimia kwa makofi. Aliyakosea kidogo. Sikumlaumu, hakulelewa Tunduma. Shangazi naye alikuwa ameniona kwenye runinga, akanipigia simu: "Umemsindikiza vizuri, baba. Ila mkoba umeubeba kwa mkono wa kushoto."

Sasa amelala kwenye udongo wa kwetu, na kila nikipita hapo namshukuru. Jeshi lilinipa nguvu, Bunge likanipa siwa, lakini yeye ndiye aliyenionyesha cha kuvifanyia.

Basi mwanangu, hasira hasara, na heshima si utumwa. Ukiwa na uwezo wa kumtoa mtu, mtoe akiwa bado na uso wa kurudia. Mbebee mkoba, tena kwa mkono wa kulia. Mungu akujalie mikono yenye nguvu, akupunguzie siku za kuihitaji. Na siku ya kutolewa wewe, maana zamu huzunguka, akupe mtu wa kukusindikiza.