Gari Lililopimwa Tupu

Haruna wa Kilwa Masoko alijua kila kitu, na asichokijua ndicho alichokisimulia kwa sauti kubwa zaidi. Ndiyo maana masika yale, mama yake, Bi Mwanaima, alipomwambia, "Mwanangu, nipeleke Mitole nikamwone dada yangu kabla sijafumba macho," Haruna hakutoa chozi kama watoto wa watu. Alikwenda kutafuta matairi.

Alikuwa na sababu, tusimwonee. Kigari chake kilikuwa na tumbo la kuburuza kama bata aliyeshiba, na njia ya Mitole ilikwisha kukinasa mvua mbili mfululizo. Safari hii hakukuwa na nafasi ya kunasa. Bi Mwanaima alikuwa amebaki macho, ulimi na pumzi. Yeye na dada yake, Amina, walikosana zamani kwa ajili ya mikorosho ya urithi, wakazeeka bila kutakana radhi. Amina sasa ni kipofu, hasafiri. Fauzia, dada yake Haruna, alitaka kuwaunganisha kwa simu, mgonjwa akakataa.

"Radhi haiombwi kwenye simu. Nautaka mkono wake kichwani pangu."

Basi Haruna akamfuata Kornelio, fundi matairi wa Nangurukuru, mtu wa milimani mwenye ulimi kama msasa.

"Nataka linyanyuke," Haruna alisema.

Kornelio akasoma ubavu wa tairi. "Yako ni 175 kwa 65, rimu kumi na nne. Namba ya kwanza upana, ya pili kimo cha ubavu, asilimia ya huo upana. Haya niliyonayo ni 195 kwa 70. Rimu ni ile ile, ila tairi ni nene na refu. Gari litapanda, lakini tairi nalo litaisogelea madigadi."

"Funga."

Wakafunga. Haruna akakata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Kimya. Akapitisha kiganja kati ya tairi na madigadi, kikapita. Akatabasamu kama mtu aliyeposa na kujibiwa siku hiyo hiyo.

"Umelipima tupu," Kornelio alisema. "Springi zako zimechoka. Ita watu wakae nyuma tupime tena. Utapakia wangapi?"

"Mimi na mama. Na mama sasa ni mwepesi kuliko mkeka."

"Mgonjwa na dereva tu? Pwani hii?"

"Kornelio, nilipoanza kushika usukani wewe ulikuwa unabebwa mgongoni. Niache."

Akaondoka, matairi ya zamani akayaacha hapo, isipokuwa lile la akiba.

Asubuhi ya safari alimkuta shangazi yake, Bi Shamimu, amekwisha kuketi garini na majirani wawili wanene wa heshima. Nyuma kulikuwa na gunia la muhogo, birika, mikeka na jogoo. Fauzia alikuwa amempakata mama.

"Shangazi, gari halitaweza."

"Unataka kumsafirisha mama yako kama kifurushi? Akikata roho njiani nani atamfunga kidevu? Wewe, na huo usukani?"

Haruna akashika usukani. Alizaliwa kwenye desturi hiyo, akakulia humo, na siku ya kupima akaisahau. Bingwa alikuwa amepima chuma, hakupima ukoo.

Kwenye lami walikwenda salama. Walipoiacha, kila shimo likalikalisha gari chini, na ukingo wa madigadi ukautafuna mpira. Mvua ilikuwa inanyesha nyembamba, isiyo na haraka.

"Kaka, kuna kitu kinaungua."

"Breki hizo, zinazoea."

"Tumefika?" Bi Mwanaima aliuliza.

"Tunakaribia, mama."

Kwenye mteremko tairi la nyuma likachanika ubavu mzima. Haruna akafunga lile dogo la akiba, gari likainama upande kama mtu mwenye jipu. La upande wa pili bado lilikuwa linaliwa.

"Shangazi, shukeni."

Bi Shamimu akavua viatu. Walishuka wote watatu, na gunia likashuka, wakafuata nyuma kwenye tope. Fauzia peke yake alibaki ameshika kichwa cha mama. Gari likatambaa.

"Tumefika?"

"Karibu, mama."

Aliuliza tena, kwa midomo tu. Baadaye hakuuliza.

Mitole walimtoa Bi Amina nje kwa kumshika mkono. Aliinama mlangoni mwa gari, akapapasa, akakipata kichwa cha mdogo wake.

"Mwanaima. Mimi nimekuwia radhi. Wewe umeniwia?"

Macho ya Bi Mwanaima yalikuwa wazi, kifua kinapanda na kushuka. Ulimi ulikuwa umekwisha kwenda.

"Amejibu?" Bi Amina aliuliza. "Mbona sisikii?"

"Hawezi, mama mkubwa," Haruna alisema.

"Mlipotoka alikuwa anasema?"

"Alikuwa anasema."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka baada ya tairi kupasuka."

Mkono wa Bi Amina ulibaki pale kichwani, adhana ya alasiri ikapita, na ulikuwa bado pale Bi Shamimu na wenzake walipofika kwa miguu, matope magotini, wakamtazama Haruna, wakaingia ndani bila salamu.